Jumamosi Tulizokwenda Kuomba Austin

Grand Prairie, Texas
Jumamosi asubuhi

Dada yangu Tusajigwe,

Shikamoo. Ipokee barua hii kwa mikono miwili, maana nimekaa nayo wiki tatu nikitafuta nafasi ya kuiandika. Goti la kushoto linasemaje? Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia? Mvua zimekata, au bado mnaanika nguo juu ya jiko? Ng'ombe ameshazaa? Tafadhali usinijibu kwa mkato kama kawaida yako, "wazima tu, wazima tu," halafu baada ya mwezi nasikia kwa watu kwamba ulilazwa. Nataka habari kamili. Sisi huku hatujambo. Mimi mzima na nimenenepa, usinicheke. Ikupa naye mzima, amenipita urefu, na siku hizi anavaa viatu vyangu bila hata kuomba.

Najua unashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Dada, nakujua. Kwenye simu ningefika nusu ya jambo ungenikatiza, ungeuliza swali, ningejibu swali, mtandao ungekatika, na jambo lenyewe lingebaki kooni. Barua haina wa kuikatiza. Ngoja niseme mapema ili usisome ukiwa roho juu: ni habari ya Jumamosi na Jumapili zangu, na mwisho wake inagusa nyumba yetu ya Tukuyu. Hakuna aliyekufa wala aliyefungwa. Sasa vuta kigoda uweke mguu juu, nikuhadithie.

Unajua nina kazi mbili. Jumatatu hadi Ijumaa niko Mansfield kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nawaogesha, nawalisha, nawasikiliza wakinisimulia habari ileile mara tisa. Kazi hiyo naipenda, na malipo yake si haba; kodi, gari na chakula vyote vinatoka hapo. Jumamosi na Jumapili niko Dallas, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka na taulo za mahoteli, na hela ya huko ndiyo inayonunua tofali na saruji. Kule tunalipwa kima cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria, dola saba na robo kwa saa, na kima hicho hakijasogea tangu Ikupa anajifunza kutembea pale uani kwako. Ndiyo, najua, ukizigeuza kuwa shilingi unaona nyingi. Kila mtu wa nyumbani anazigeuza. Lakini mkate siununui kwa bei ya Tukuyu.

Kwa hiyo miaka minne sasa mimi na Ikupa tunapishana mlangoni. Mwezi wa nane anaondoka kwenda chuo, Houston, mwendo wa saa nne kwa gari. Kila aliponiuliza, "Mama, lini utakaa nyumbani wikendi?" nilikuwa na jibu moja: sheria ikipita. Maana kiwandani kulikuwa na maneno kwamba katika bunge la jimbo kuna muswada wa kupandisha kima cha chini. Nikapanga moyoni kwamba kikipanda, nitafanya Jumamosi nusu siku, Jumapili sitoki kabisa, na ujenzi wa nyumba yetu hautasimama. Nikamwahidi mtoto. Nilijua anahesabu wikendi zilizobaki, kwa sababu na mimi nilikuwa nazihesabu.

Aliyeleta habari za muswada ni Mama Furaha, Mkongo ninayekunja naye mashuka. Shuka la hoteli ni kubwa, halikunjwi na mtu mmoja. Yeye anashika ncha mbili, mimi mbili. Anaishi Vickery Meadow, anakuja kazini kwa treni, kisha basi, kisha miguu, na hajawahi kuchelewa hata siku moja. Alisikia kanisani kwake kwamba siku kamati ya bunge inaposikiliza muswada, mtu yeyote anaweza kwenda akajiandikisha, akaitwa jina, akasema lake. Nikamwambia acha utani. Kwetu mshahara hutangazwa. Unakumbuka Mei Mosi zako za kiwanda cha chai, Dada? Fulana mpya, mabango, jua la utosi, mnamngoja mgeni rasmi atamke. Akitamka, mnapiga makofi. Asipotamka, mnarudi nyumbani na fulana. Mimi sikujua kwamba kuna mahali mwenye mshahara anaitwa aueleze mwenyewe.

Zamu yetu ina watu kumi na mmoja, na wote wakanitazama mimi. "Weye njo unajua kusema," Mama Furaha akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Siye tutakuwa nyuma yako." Basi kichwa kikavimba, sikatai. Wiki nzima nilifanya mazoezi jikoni, nimeshika mwiko, naliambia friji "Mheshimiwa Mwenyekiti." Ikupa akipita kuchukua maji ananitazama, anatikisa kichwa, anaondoka. Nikadhani anaona fahari.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kazi. Niliomba ruhusa Mansfield, Ikupa akakosa shule, tukaondoka kwenda Austin, liliko bunge, kabla hakujapambazuka vizuri. Aliendesha yeye, na leseni yake bado inanukia upya. Mimi mbele nimeshika mlango kwa mikono miwili, Mama Furaha nyuma anasali kwa sauti kila tukipita lori. Njia nzima pembeni mwa barabara kulikuwa na maua ya bluu, mashamba kwa mashamba, na watu wamesimamisha magari, wamewakalisha watoto wao katikati ya maua wanawapiga picha. Mama Furaha akauliza kama yanaliwa. Tukamwambia hayaliwi. "Sasa wanayapanda ya nini?" Ikupa alicheka mpaka nikamkumbusha ashike usukani.

Jengo la bunge lao ni la mawe mekundumekundu, juu lina kuba, ndani lina baridi ya kukufanya ujute kuvaa kitenge kitupu. Kujiandikisha ni kwenye vibao vya kompyuta. Ikupa aliniandikisha yeye, akakawia pale, nikamwambia fanya haraka watu wanasubiri. Kumbe haraka ya nini! Tulikaa saa tano tukingoja. Tulikula mandazi ya Mama Furaha sakafuni kwenye korido, pamoja na vijana wawili wa kuosha magari waliokuja na suala hilohilo, wakayasifia mpaka akawapa na ya safari ya kurudi.

Tulipoingia ndani, aliyekuwa akisema ni mzee mmoja mwenye mgahawa, mtu mzima, kofia mkononi. Alikuwa anaupinga muswada. Alisema ana wafanyakazi wanne, anawajua watoto wao kwa majina, na kiwango kikipanda itabidi amwambie mmoja asije tena, naye hajui atamtazama yupi usoni. Dada, nilikwenda nimejiandaa kumchukia mtu wa upande ule, lakini huyu sikumchukia. Alipopita karibu yangu nilimwambia pole, akaitikia kwa kichwa.

Halafu nikaitwa mimi.

Kila mtu anapewa dakika mbili. Mezani kuna kisaa chenye taa, ya kijani, ya njano na nyekundu. Nikakaa, nikavuta kipaza sauti, nikaanza kama nilivyofundishwa, na aliyenifundisha ni wewe. Nikamsalimu Mwenyekiti. Nikawasalimu wajumbe. Nikawauliza habari za kazi, nikawapa pole kwa kukaa kitako tangu asubuhi, na kwa Kiingereza changu ikawa kana kwamba nawaomba radhi kwa kosa nililowatendea. Wakatazamana. Mama mmoja mwenye miwani akasema, "Hatujambo, asante." Sasa mtu akikuitikia utafanyaje? Nikaona mlango umefunguka. Nikamwuliza habari za nyumbani kwake, nikangoja ajibu. Nikasema mimi ni Atupele, nimezaliwa Tukuyu, kwenye chai na ndizi, mvua hainyimi. Nusura niwapigie na salamu yetu ya Kinyakyusa, "mugonile." Nikasema sikuja peke yangu, nimekuja na salamu za wenzangu kumi wa zamu, nikaanza kuwataja mmoja mmoja, maana walinituma na kila mmoja aliniambia usinisahau. Nilikuwa kwa mtu wa saba taa ilipokuwa nyekundu.

"Asante, mama," Mwenyekiti akasema. "Muda wako umekwisha."

Dada! Neno mshahara halijatoka kinywani mwangu. Safari ya saa tatu, siku ya kazi imepotea, watu kumi wananitegemea, na mimi nimekwenda kuwauliza waheshimiwa hali za nyumbani kwao. Kumbukumbu za bunge la Texas zitaonyesha kwamba mwanamke mmoja wa Tukuyu alifika, akasalimia, akaondoka. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilirudi nikakaa, Mama Furaha akanishika mkono akasema nimesema vizuri sana, maana yeye hakuelewa hata neno moja la Kiingereza, alisikia majina ya wenzetu tu na yalimtosha.

Kisha nikasikia wanaita tena jina la kwetu. Ikupa. Akasimama kutoka pembeni yangu, na suruali yake ile iliyochanika magotini ambayo nilimkataza asiivae, akaenda akakaa pale nilipotoka mimi. Kumbe alipokawia kwenye kile kibao, alijiandikisha na yeye. Baadaye nilimwuliza alijuaje. Akanijibu, "Mama, nilikusikiliza jikoni wiki nzima. Hujawahi hata mara moja kuvuka salamu."

Nitakuandikia alichosema, maana nilikishika chote. "Aliyewasalimu sasa hivi ni mama yangu. Kwao mtu haombi kitu kabla ya kusalimia, na yeye ana adabu nyingi, ndiyo maana hakufika kwenye ombi. Mimi nimekulia hapa, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja. Mama yangu anafanya kazi siku saba. Jumamosi na Jumapili anakunja mashuka ya watu waliokuja kupumzika, kwa kima cha chini kabisa mnachokiruhusu. Mwezi wa nane ninaondoka nyumbani. Ninamjua mama yangu akiwa amechoka. Akiwa hajachoka, sijui yukoje. Kila nikimwuliza lini atapumzika, ananiambia sheria ikipita. Basi nimekuja kuwaona wenye sheria."

Akasema asanteni, akainuka, na taa ilikuwa bado ya kijani.

Mwenyekiti akamwambia, "Mwambie mama yako familia zetu hazijambo." Ukumbi ukacheka, hata yule mzee wa mgahawa. Mimi sikucheka. Nilimwonea fahari mpaka kifua kikauma, na papo hapo niliumia kwa lile neno lake, la kwamba hajui mimi nikiwa sijachoka niko vipi. Miaka yote hii nilidhani anaona bidii yangu. Kumbe anaona nimelala kwenye kochi na viatu.

Muswada hawakuupigia kura. Wameuacha mezani, na wenyeji wanasema huwa unaletwa, unaachwa hapo, bunge linafungwa, na baada ya miaka miwili unaletwa tena. Njiani kurudi Mama Furaha alilala. Ikupa anaendesha, mimi namwambia tusikate tamaa, huenda wakaukumbuka, nilichokuahidi nitakutimizia. Akaniuliza, "Mama, uliusoma mpaka mwisho?" Nikasema niliusoma penye kiwango. Akasema ukurasa wa mwisho unaeleza kwamba hata ukipita, unaanza kutumika mwezi wa tisa. Yeye anaondoka wa nane.

Nikamwuliza, sasa kama ulijua, mbona hukuniambia? Mbona umekosa shule, umetuendesha huku kote?

Akasema, "Ulikuwa na furaha sana jikoni."

Niligeukia dirishani nikalia, na yeye akaniacha nilie, akapunguza mwendo tu. Nilikuwa nimeukabidhi ule muswada kazi yangu mimi. Mtoto hakuwa akimwuliza mbunge lini atakaa nyumbani, alikuwa akiniuliza mimi, na mimi miaka minne namjibu kwa jina la sheria.

Sasa tufike penye jambo lenyewe, na ungekuwa kwenye simu ndipo ungenikatiza. Dada, nimeacha kazi ya wikendi. Jumapili iliyopita ndiyo ilikuwa ya mwisho. Msimamizi hakukasirika, alisema nikitaka kurudi mwezi wa tisa nimpigie. Aliyekasirika ni Mama Furaha. "Na miye nitakunja na nani?" akaniuliza, akaninunia mpaka saa ya chakula, halafu akaja akanikumbatia akalia. Yeye hana Mansfield ya kumshika, kwa hiyo amebaki pale kwa dola saba na robo zake, na hilo linanikaa rohoni. Tumekubaliana muswada ukirudi tutakwenda tena pamoja. Ameniapisha kwamba safari hiyo nitaanza na mshahara, na wote watasalimiwa tukiwa tunatoka.

Maana yake unaijua: mpaka mwezi wa nane upite, hela ya tofali haitakuja. Ya dawa zako itakuja kama kawaida, hiyo haiguswi. Najua kuta zimefika kwenye linta. Najua fundi ameshaagiza mbao za kupaulia, na najua umewatangazia watu wote wa kanisani kwamba Krismasi tunalala ndani. Nisamehe. Mwambie fundi asimame, afunike kuta kwa nailoni, mbao zilizokwisha kununuliwa aziweke ndani kwako zisinyeshewe. Siombi ruhusa, kwa sababu nimeshafanya. Naomba tu usinune. Ukinuna, nuna siku mbili, ya tatu nipigie.

Na kabla hujanuna, kumbuka hili. Mama alipofariki wewe ndiye uliyenilea, nawe kiwandani ulikuwa unaondoka giza na kurudi giza. Lakini Jumapili ulikuwa wangu. Ulinisuka nywele barazani baada ya ibada, ukinifinya sikio nikisinzia, ukinisengenyea wanakwaya mmoja mmoja. Jinsi miaka ile tulivyokuwa hatuna kitu, ungeweza kuuza na Jumapili zako, na watu walikushauri hivyo, ukakataa. Sijui tulikuwa tunakula nini wakati ule. Zile Jumapili nazikumbuka zote.

Sasa nisalimie shemeji, mwambie aache kunywa chai ya moto kwenye upepo. Msalimie Mama Mdogo Subilaga muuza maziwa, mwambie picha ya mjukuu niliiona na meno ni ya upande wetu. Mjomba Ambakisye, mlinzi wa shamba la chai, mpe shikamoo yangu na umwambie koti lake nimeshalinunua, linangoja mtu wa kuja. Salamu kwa mchungaji na kwa akina mama wa kwaya, wale uliowasengenya wote, walio hai. Mama Furaha anakusalimu pia. Hakujui, ila ameniambia lazima niandike.

Nimeandika barua hii karatasi ikiwa juu ya sinia, ndiyo maana mistari imepinda. Leo ndiyo Jumamosi yangu ya kwanza. Niliamka saa ileile, nikavaa sare nusu, nikakumbuka, nikavua, nikakaa kwenye kochi bila kujua mikono niiweke wapi. Saa nne Ikupa alitoka chumbani, nywele zimesimama, akanikuta. "Mama, unaumwa?" Tena kwa Kiswahili, Dada, yeye ambaye hunijibu kwa Kiingereza hata nikimwita kula. Nikamwambia siumwi, nimeacha kazi ya Dallas, leo niko hapa na kesho niko hapa. Alinitazama, akarudi chumbani, mlango ukafungwa. Nikajua nimechelewa, mtoto ameshakua. Kidogo akatoka na blanketi lake, akalala kwenye kochi, kichwa akakiweka pajani pangu, akalala tena. Sasa ni saa sita kasoro, bado amelala, na mguu wangu umekufa ganzi mpaka kiunoni. Sisogei.

Mdogo wako akupendaye,
Atupele